"Kaza, Mama!": Nani Anampima Kocha wa Baiskeli za Ndani?

Jumatatu jioni, ukumbi wa mazoezi pale Kirumba, Mwanza. Baiskeli zimepangwa safu tatu, spika zinadunda singeli, madirisha yote yako wazi. Nimekaa nyuma na fomu ya tathmini mapajani, maana kijana aliyekuwa mbele alikuwa anafanya mtihani wake wa mwisho wa ukocha na mimi ndiye niliyeombwa kumpa alama. Alikuwa anafanya vizuri. Sauti inasikika, mdundo ameupatia, watu wanacheka huku jasho linawatiririka.

Safu ya pili kulikuwa na mama mmoja wa miaka 54, mfanyabiashara wa samaki pale Mwaloni. Ukutani, skrini ilikuwa inaonyesha jina la kila mtu, mapigo yake ya moyo na rangi yake. Karibu wote walikuwa njano, wawili wamefika nyekundu. Mama alikuwa bluu. 112.

"Mama, bado uko bluu! Kaza, mama! Kaza!"

Mama akashika kile kirungu chekundu cha kuongezea ugumu wa pedali, akakaza nusu mzunguko.

Pale nilipokuwa nimekaa niliona mgongo wake tu. Mabega yamepanda karibu kugusa masikio, viwiko vimekakamaa, magoti yanatanuka kwenda nje kila anapokanyaga. Nikazunguka upande wa dirishani nikauona na uso: mdomo wazi, macho yameganda sehemu moja ya sakafu. Skrini ikapanda hadi 114. Kijana akapiga makofi.

Nilimgusa mama begani, nikamwambia alegeze. Akalegeza. Ilichukua muda kabla hajaweza kunitolea sentensi nzima, na ilipotoka ilikuwa hii: "Sijui nina nini leo, dada kocha. Wenzangu wote wamefika, mimi bado."

Alikuwa amefika zamani. Alikuwa anatumia dawa ya presha.

Sentensi ile ndiyo imekuwa ikinirudia kila ninapozima taa. Mtu mzima, anayeamka alfajiri kupokea mzigo mwaloni, anaijua pumzi yake kuliko mtu yeyote, ameingia ukumbini kwetu na ndani ya nusu saa tumemfundisha kuutilia mwili wake shaka na kuiamini skrini.

Fomu iliuliza moyo

Kuna kundi la dawa za presha, beta bloka, atenolol na bisoprolol zikiwa miongoni mwake, ambazo kazi yake ni kuuzuia moyo usiitikie wito wa adrenalini. Mtu anayezitumia anaweza kukanyaga mpaka mwisho wa nguvu zake na moyo wake ukabaki kwenye 115. Hajazembea. Dawa inafanya kazi yake, na dawa haiachwi wala kurukwa kwa ajili ya mazoezi. Kinachopaswa kuachwa hapo ni rangi.

Kijana alimuuliza mama baadaye, kwa upole kabisa, mbona hakuandika dawa hiyo kwenye fomu ya kujiunga. Mama akamjibu, "Presha si moyo, mwanangu." Fomu ilikuwa imeuliza kama ana ugonjwa wa moyo, naye akaandika hapana. Alijibu alichoulizwa.

Yapo maswali saba yaliyotungwa Kanada miaka ya 1970 kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza mazoezi, na kumbi nyingi duniani zimeyarithi. Mojawapo linauliza moja kwa moja: je, daktari anakuandikia dawa za presha au za moyo kwa sasa? Mtu anaulizwa anameza nini. Kwenye fomu ya ukumbi ule swali hilo lilikuwa limepunguzwa ili karatasi itoshe ukurasa mmoja na sehemu ya malipo. Mistari miwili tu, na ndiyo iliyokuwa inahitajika kuliko yote.

Lakini hata fomu ingekuwa kamili, bado lilibaki jambo lililonisumbua zaidi. Kijana alikuwa na macho. Mama alikuwa mita tatu mbele yake. Kwa nini alitazama ukuta?

220 toa umri

Jibu rahisi ni kwamba tulimfundisha hivyo.

Kila kocha wa baiskeli za ndani ninayemfahamu alianza na hesabu ile ile: chukua 220, toa umri, hapo umepata mapigo ya juu kabisa ya moyo wa mtu. Kwa mama wa miaka 54 ni 166. Mapigo 112 ni asilimia 67 ya hapo, kwa hiyo skrini ikampaka bluu. Hesabu haikukosewa hata kidogo.

Kanuni hiyo inarudi mwaka 1971, kwenye andiko la Fox, Naughton na Haskell wa Marekani kuhusu mazoezi na kinga ya magonjwa ya moyo. Hawakuwaweka watu kwenye baiskeli wakawapima ili kuitafuta. Walikusanya vipimo vilivyokwishafanywa na wengine, wakaona mwelekeo, wakaupigia mstari. Mwaka 2002 Robergs na Landwehr waliufuatilia mstari huo mpaka chanzo chake, wakaonyesha kwamba nyuma yake hapakuwa na utafiti uliofanywa kwa kusudi hilo. Mwaka mmoja kabla yao, Tanaka na wenzake walikuwa wamechambua tafiti 351 zenye watu 18,712 wakapata kanuni nyingine: 208, toa umri mara 0.7. Ni bora zaidi, hasa kwa watu wazima. Kwa yule mama inatoa 170.

Iwe 166 au 170, ndugu yangu, bado hiyo ni namba ya watu wengine.

Kanuni zote hizi zinatoa wastani, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mapigo 10, 12 au zaidi juu au chini ya wastani huo akiwa mzima wa afya. Wawili wenye miaka 40 wamekaa baiskeli za jirani: moyo wa mmoja unaishia 166, wa mwenzake 194. Skrini inawapa wote 180. Wa kwanza atakimbizwa mpaka aiogope baiskeli. Wa pili atazuiwa pale ambapo ndiyo kwanza anapata joto. Wote wataondoka wakidhani wana kasoro.

Nilipotaka skrini izimwe

Kwa wiki kadhaa baada ya jioni ile msimamo wangu ulikuwa mmoja: zima skrini, toa mikanda ya kifuani inayopima mapigo, turudi kwenye kumuuliza mtu anajisikiaje.

Nilikuwa na hoja nzuri. Gunnar Borg wa Sweden alitengeneza kipimo cha kujipima uzito wa kazi kwa hisia, kinachoanzia 6 mpaka 20, na kimetumika hospitalini na michezoni kwa zaidi ya nusu karne. Hakina betri. Hakidanganywi na beta bloka, kwa sababu miguu inayouma inauma hata kama moyo umetulizwa. Nikakiandika kwa Kiswahili kwenye bango, kuanzia "kama nimekaa tu" mpaka "siwezi tena", nikalibandika karibu na spika.

Halafu nikaanza kuuliza. Na hapo nikakutana na jambo ambalo bango halikulitegemea.

Watu wetu hawakwambii wamechoka. Hasa mama mtu mzima akiulizwa mbele za watu na kijana anayeweza kuwa mwanawe. Atasema "naendelea vizuri". Vijana nao, kwa sababu zao, watasema "kawaida tu, kocha". Nilikuwa napokea kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kutoka kwa watu ambao mashati yao yamegandana na mgongo. Hiyo ni adabu, na sitaki kuiita uongo. Mtu hataki kumwangusha kocha, wala hataki darasa limgeukie.

Kilichonisaidia ni kuacha kuuliza kuhusu uchovu. Sasa nasogea karibu na baiskeli, nashusha sauti ya spika, nauliza kitu kingine kabisa. Dagaa leo wameingia kwa bei gani? Mtoto amesharudi chuo? Kigongo mmevuka darajani saa ngapi? Kisha nasikiliza jinsi jibu linavyotoka. Likitoka sentensi nzima, tena na maelezo ya ziada, mtu huyo yuko mahali pa kukaa hata saa nzima. Likikatikakatika, maneno matatu, pumzi, maneno mawili, yuko karibu na kizingiti chake, yaani kiwango cha juu anachoweza kukishikilia kwa muda mrefu. Akinijibu kwa kichwa, amevuka. Wataalamu wa mazoezi wamelinganisha kipimo hiki cha kuongea na mashine za kupima hewa anayovuta mtu, wakakuta pale mazungumzo yanapoanza kuwa magumu ndipo na upumuaji wenyewe unapobadilika.

Nilidhani nimemaliza. Namba basi, masikio yatatosha.

Mzigo haukimbizwi

Akaja mtu mmoja akanivurugia msimamo.

Ana miaka 34. Kabla ya kununua bodaboda alikuwa anasomba mkaa kwa baiskeli kutoka Misungwi kuja Buhongwa, magunia yamefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Huku Usukumani hilo halishangazi mtu. Wengi wetu tumelelewa na baba au mjomba aliyeishi juu ya baiskeli ya Phoenix. Alikuja kutaka kuwa kocha. Sikuwa na shaka na miguu yake. Nilichotaka kujua ni kiasi gani.

Masikio yangu hayakunisaidia. Ni mtu asiyeongea. Ukimuuliza bei ya mafuta anakujibu "imepanda", na hilo ndilo jibu lake akiwa amekaa kwenye benchi pia.

Kwa hiyo nikamfanyia kipimo cha kizingiti, kile ambacho wanaotumia programu za baiskeli kwenye simu wanakijua kwa herufi FTP. Kwa asiyekijua: unapasha mwili vizuri, halafu unakanyaga dakika 20 kwa nguvu kubwa kuliko zote unazoweza kuzishikilia kwa muda wote huo. Baiskeli inakupa wastani wa wati. Unachukua asilimia 95 ya hizo, na hapo una makadirio ya nguvu unayoweza kuitoa kwa karibu saa nzima. Mipango mingi ya mazoezi, pamoja na ile ya Andrew Coggan wa Marekani inayogawa nguvu katika ngazi saba, inaanzia kwenye namba hiyo.

Karibu kila anayekifanya kwa mara ya kwanza anaanza kwa kasi mno. Dakika tatu za mwanzo anajiona simba, ya nane anatazama saa, ya kumi na mbili wati zinaporomoka na kinachofuata ni mateso matupu. Huyu hakufanya hivyo. Alikaa chini, akashika usukani katikati kwa vidole tu, akaanza taratibu kiasi kwamba nilitaka kumsemesha. Dakika ya tano, wati 224. Ya kumi, 226. Ya kumi na tano, 229. Kifua kinapanda na kushuka, mabega yametulia, nyonga hazirukiruki kwenye kiti. Dakika tatu za mwisho ndipo akasimamisha taya na kuongeza. Wastani ulikuja 230. Kizingiti 218, kwa mtu wa kilo 61.

Nilimuuliza nani alimfundisha kuanza vile. Akasema, "Mzigo haukimbizwi, dada. Ukiukimbiza, mlimani utausukuma kwa miguu."

Moyo wake mwishoni ulisoma 201. Kwa 220 toa umri, mtu huyu anatakiwa aishie 186. Miezi yote kabla ya hapo, kwenye madarasa ya kawaida, skrini ilikuwa inampaka nyekundu na makocha wanamwambia apunguze. Alikuwa anapunguza.

Kumbe nilikuwa nimemkosea adui. Namba iliyomwonea mama na namba iliyomfungua huyu zote ni namba. Tofauti ni kwamba ya mama ilikisiwa na ya huyu ilipimwa, kwenye mwili wake, siku yake, mbele ya macho yangu. Sasa nikitaka akae ngazi ya ustahimilivu najua ni kati ya wati 122 na 164, sihitaji kumuuliza kitu, na yeye hahitaji kunijibu.

Feni ilipozimika

Namba iliyopimwa nayo ina masharti yake, na Mwanza ina ya kwake.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, spika zinanyamaza na watu wanapiga kelele za furaha. Mimi natazama feni. Juzi juzi mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ametulia kwenye wati 130 na mapigo 138. Feni zikasimama. Dakika kumi na tano baadaye, wati ni zile zile, moyo 153. Hakuongeza kazi yoyote. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, maji yanapotea kwa jasho, kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Kocha anayesoma mapigo bila kuangalia feni atamwambia mtu huyu amekuwa dhaifu.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo kirudiwe kwenye baiskeli ile ile, saa zile zile, feni mahali pale pale. Baiskeli mbili za aina moja zilizosimama bega kwa bega zinaweza kutofautiana wati kadhaa, na mtu akihama baiskeli anaweza kushangilia maendeleo ambayo ni ya mashine. Nilimwona kocha akimpongeza mteja kwa kuongeza wati 15 kumbe amehama tu kutoka dirishani kwenda ukutani. Mteja alifurahi sana. Mwezi uliofuata alirudi baiskeli yake ya zamani na hakuelewa amefanya kosa gani.

Urefu wa hapa kutoka usawa wa bahari, mita 1,134 pale kwenye maji ya ziwa, unapunguza nguvu kidogo ukilinganisha na Dar es Salaam. Si wa kumpa mtu hofu. Joto ndilo la kuliangalia.

Kabla ya kumwambia mtu atoe yote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kwetu.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye seli mundu kwa wingi. Kila mtu hapa anamjua mtoto aliyelazwa Bugando kwa ajili hiyo. Tunachosahau ni wale waliorithi chembe moja tu ya urithi ya ugonjwa, kutoka kwa mzazi mmoja. Hawaumwi. Wanalima, wanacheza mpira, wanazaa, na wengi hawajui kabisa kwamba wanayo.

Mwaka 1987 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba kati ya askari wapya weusi, wenye chembe hiyo walikufa ghafla wakati wa mazoezi makali mara nyingi zaidi ya wenzao. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa karibu askari weusi 48,000. Huu haukukuta tofauti ya vifo. Jeshi lilikuwa limeshaweka utaratibu kwa askari wote: maji, mapumziko, kuongeza kazi hatua kwa hatua, kuangalia joto. Ila hatari ya misuli kuvunjika na kumwaga taka zake kwenye damu ilibaki juu kwa asilimia 54 kwa wenye chembe.

Kuvunjika huko kwa misuli hakuhitaji seli mundu, na kwenye baiskeli ya ndani kunatokea. Madaktari wa Marekani waliripoti mwaka 2017 wagonjwa waliofikishwa hospitali baada ya darasa lao la kwanza kabisa. Mapaja ni misuli mikubwa, gurudumu zito limeunganishwa na pedali na linaendelea kukuzungusha hata ukitaka kupumzika, na kocha mbele anasema kaza. Siku moja au mbili baadaye mapaja yanavimba, yanauma kupita kawaida, na mkojo unatoka na rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo ni hospitali, muda huo huo. Figo ziko hatarini.

Basi kabla ya kumpandisha mtu kwenye dakika 20 za kutoa yote, mimi nauliza: unameza dawa gani? Nyumbani kwenu kuna mwenye seli mundu? Umepona malaria lini? Umekunywa maji leo? Mgeni hafanyi kipimo hiki kabisa. Anakaa wiki kadhaa anaongea na mimi kuhusu dagaa.

Karatasi mpya

Mtihani wa kocha tuliokuwa nao ulipima mambo mawili: je, miguu yake inaweza, na je, anaweza kuchangamsha watu. Hayo mawili si mabaya. Kocha asiye na pumzi hawezi kuongea na kukanyaga kwa pamoja, na darasa lililopoa halirudi kesho.

Nimependekeza tuongeze la tatu na lichukue alama nyingi kuliko hayo. Kocha kwanza afanyiwe kipimo cha kizingiti yeye mwenyewe, aijue dakika ya kumi na mbili ilivyo, pale mwili unapoanza kutafuta sababu. Halafu amwongoze mtu mwingine kwenye kipimo hicho hicho mwanzo mpaka mwisho, akiwa ameshuka kwenye baiskeli. Amwekee kiti usawa wa nyonga, ahakikishe goti linabaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini. Amuulize maswali. Amzuie dakika ya pili. Ajue lini anyamaze.

Kushuka kwenye baiskeli ndiko kunakowashinda wengi. Kocha anayefundisha madarasa matatu kwa siku akiwa amepanda anachoka, mapigo yake ya asubuhi yanaanza kupanda, anakuwa mkali bila sababu, na zaidi ya yote haoni mtu. Ukiwa umeshika usukani unaona nyuso za safu ya kwanza. Ukitembea unaona magoti, viwiko, mkono uliokaza mpaka vifundo vimepauka.

Mwenye ukumbi ana wasiwasi, na namwelewa. Wateja wanazipenda rangi. Wamelipia rangi. Tumekubaliana mpaka sasa kwamba jina la mtu halipandi ukutani kabla hajapimwa, na anayetumia dawa za kushusha mapigo hawekwi ukutani kabisa. Huyo kocha wake anamfuata kwa kuongea naye na kwa wati.

Dakika ya kumi na nne

Kocha mtarajiwa wa kwanza kufanya mtihani huu mpya alikuwa binti wa Nyegezi. Alimwongoza mwanaume wa miaka 40 na ushee, mtu mwenye afya, maswali yote amejibu vizuri, siku ameichagua mwenyewe. Wati zilikuwa zimetulia kwa 175. Mapigo 168, kwa kile tunachokijua kumhusu bado yana nafasi. Mimi na mwenzangu tuko pembeni na fomu zetu.

Dakika ya kumi na mbili binti akamsogelea, akamuuliza kitu, sikusikia nini. Mwanaume akajibu. Dakika ya kumi na tatu akauliza tena. Dakika ya kumi na nne akaweka mkono kwenye kile kirungu, akakilegeza mwenyewe, akasema, "Tuishie hapa, kaka."

Mwanaume alikasirika. Alitaka namba yake, alikuwa amebakiza dakika sita, na wati zake hazikuwa zimeshuka hata moja.

Tulipomuuliza binti sababu, akasema mara ya kwanza alimuuliza anaishi mtaa gani, akajibu Isamilo na akaeleza karibu na wapi. Mara ya pili alimuuliza swali lile lile na akajibu Isamilo, ila alikuwa anamtazama kama hakumbuki kwamba ameshaulizwa. Na jasho lilikuwa limekata usoni.

Mwenzangu ameandika hajafaulu. Hoja yake ina uzito: kipimo hakikukamilika, hakuna namba iliyopatikana, mteja ameondoka bila kitu, na mtu kupotewa mawazo kidogo kwenye dakika ya kumi na nne ni jambo la kawaida kabisa. Kama kila kocha atasimamisha mtu kwa hilo, hatutampima mtu yeyote Mwanza hii. Mteja mwenyewe alikuwa mzima baada ya maji na kukaa, kwa hiyo hakuna atakayejua dakika sita zile zingeleta nini.

Mimi nimeandika amefaulu, alama za juu kabisa. Namba inaweza kutafutwa tena Jumamosi, asubuhi kukiwa na baridi, na mwanaume ameshakubali kurudi kwa sharti kwamba asimamiwe na binti yule yule.

Fomu mbili zenye majibu tofauti haziwezi kumpa mtu cheti. Wiki ijayo tunakaa watatu kuamua, na nitaingia na msimamo huo huo.